Kabla hujauza mtamba kununua kompyuta ya studio, soma jina la prosesa

Na Mwandishi Wetu, Arusha

DADA yangu anaishi Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Ana migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili wa maziwa. Alikuwa nao watatu. Wa tatu, mtamba aliyekuwa amekaribia kupandishwa, aliuzwa ili mwanawe afungue studio ndogo ya kurekodi muziki pale Usa River.

Mpwa wangu hakuwa mzembe. Alikuwa na kipaji, alikuwa na wateja, na alishajifunza kazi kwa miaka miwili kwenye studio ya mtu mjini Arusha. Alipopata mtaji alikwenda mjini akanunua kompyuta ya mtumba kwa Sh380,000. Ilikuwa na RAM ya GB 8, diski ya GB 500 na mwendo wa gigahezi 2.6. Juu ya meza ileile palikuwa na nyingine, yenye RAM na diski sawasawa na ile, ikiuzwa Sh450,000. Akaona hana sababu ya kulipa Sh70,000 zaidi kwa kitu kilekile.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alirekodi matangazo mawili ya maduka ya pembejeo, nyimbo kadhaa za vijana wa hapo hapo, na wimbo wa harusi. Mwezi wa pili ikaja kazi kubwa kuliko zote: kwaya moja ya vijana iliyotaka kurekodi nyimbo kadhaa kabla ya Pasaka kwa Sh400,000, na ikatanguliza Sh150,000. Ili sauti za kwaya zitoke vizuri alinunua plagini mpya ya kurekebisha sauti.

Kwa ndugu msomaji asiye wa fani hiyo, plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Moja hunyoosha sauti ya mwimbaji aliyekosea noti, nyingine hutia mwangwi kama wa ukumbini, nyingine hupiga kinanda au ngoma. Prodyuza bila plagini ni kama fundi seremala mwenye meza nzuri lakini hana randa wala patasi.

Ile plagini ilikataa. Kila alipoifungua, programu nzima ya kurekodia ilijifunga bila kusema neno. Mpwa wangu akadhani RAM haitoshi, akaongeza GB 8 kwa Sh60,000. Haikusaidia. Akadhani ni virusi, akamlipa fundi Sh30,000 aingize Windows upya. Haikusaidia. Wiki tatu zikapita. Kwaya ikachoka kusubiri, ikadai fedha zake na kwenda studio nyingine.

Jumamosi moja, siku ya gulio la Tengeru, dada yangu alinipitia akiwa na ndizi zake. Baada ya salamu aliniuliza swali moja tu: "Wewe uliyesoma uchumi, niambie. Mtamba wangu sasa anakamuliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni nilikwenda Usa River. "Shikamoo mjomba," kijana alinipokea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimwomba anionyeshe masharti ya ile plagini, yale maandishi madogo ambayo wengi wetu huyaruka. Katikati ya orodha palikuwa na herufi tatu: AVX. Tukaangalia prosesa ya kompyuta yake. Haikuwa na AVX. Siku 21 za kuhangaika zilikuwa zimesababishwa na herufi tatu.

Prosesa ni nini na kwa nini inakataa

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu. Kila programu, iwe ya kuandika barua au ya kupiga gitaa, mwisho wake ni mlolongo wa amri ambazo prosesa inazisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Kila prosesa inatoka kiwandani ikiwa na orodha ya amri inazozifahamu. Orodha hiyo haiongezeki baadaye. Huwezi kuifundisha prosesa amri mpya kwa kuongeza RAM, kubadilisha diski au kuingiza Windows upya.

Muziki ndani ya kompyuta ni namba. Sauti ya ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Wimbo wenye njia 20, yaani ngoma, besi, gitaa na waimbaji kila mmoja na njia yake, unatoa namba 882,000 kila sekunde moja. Ukipachika plagini tatu kwenye kila njia, prosesa inalazimika kuzipitia namba zote hizo mara tatu au zaidi, na kumaliza kabla sauti haijafika kwenye spika. Ikichelewa kidogo tu, utasikia mikwaruzo.

Ili kazi hiyo iwezekane, watengenezaji wa prosesa waliongeza amri za kushughulikia namba nyingi kwa mkupuo. Mkulima ataelewa upesi. Mtu mwenye jembe la mkono anachimba shimo moja, anatia mbegu, anafukia, anasogea. Mashine ya kupandia inayovutwa na trekta inapanda mistari minne kwa safari moja. Amri zinazoitwa SSE ni mashine ya mistari minne, kwa sababu zinashika namba nne za kawaida za sauti kwa mara moja. Amri za AVX ni mashine ya mistari minane.

Mtengenezaji wa plagini, ambaye anataka bidhaa yake iende kasi, anaiandika kwa kutegemea amri hizo. Hapo ndipo penye mtego. Prosesa isiyofahamu AVX haiifanyi kazi hiyo polepole; haiifanyi kabisa. Inapokutana na amri isiyoijua inasimama, na Windows inaifunga programu. Mtengenezaji mwangalifu huweka ujumbe wa kukuambia kompyuta yako haifai. Asiye mwangalifu anakuacha uhangaike na virusi ambavyo havipo.

Ni sawa na mbegu. Mahindi ya H614 ni ya nyanda za juu na yanachukua muda mrefu kukomaa. Ukiyapanda juu kwenye mteremko wa Meru kwenye baridi na mvua, yanakushukuru. Ukiyapeleka kwenye tambarare kavu kuelekea Kikatiti, mvua inakatika kabla hayajakomaa. Mbegu si mbovu na shamba si baya. Ni vitu viwili ambavyo havikuumbiwa kukutana. Tofauti ni kwamba mahindi angalau yataota. Plagini haitaota kabisa.

Kilio cha zamani

Tatizo hili halikuanza na mpwa wangu. Amri za SSE zilikuja na prosesa ya Pentium III mwaka 1999, na SSE2 zikaja na Pentium 4 mwaka 2000. Kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Athlon XP mwaka 2001, ambayo ilikuwa na SSE lakini haikuwa na SSE2. Ilikuwa na nguvu na bei yake ilikuwa nafuu, hivyo ilipendwa sana. Plagini zilipoanza kudai SSE2, wenye Athlon XP walijikuta nje ya mlango ingawa mashine zao zilikuwa bado na kasi ya kutosha.

Hiyo ndiyo miaka ambayo muziki wa kizazi kipya ulikuwa ukisambaa nchini. Hapa Arusha kundi la X Plastaz lilikuwa likichanganya rap na uimbaji wa Kimasai, na albamu yake ya Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004. Kurekodi kulikuwa kumeanza kuhama kutoka mitambo mikubwa ya gharama kwenda kwenye kompyuta ya kawaida iliyowekwa chumbani, ikiwa na programu kama FruityLoops, ambayo sasa inaitwa FL Studio. Mlango ukafunguka kwa kijana asiye na mtaji mkubwa. Lakini kijana huyo huyo ndiye anayenunua kompyuta ya mtumba, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kukutana na mlango uliofungwa.

Tangu hapo ngazi zimeendelea kupanda. SSE4.1 ilikuja na prosesa za Core 2 za mwisho mwishoni mwa 2007 na mwaka 2008. SSE4.2 ilikuja na Core i7 za kwanza mwaka 2008. AVX ilikuja mwaka 2011, kwa Intel na kwa AMD pia. AVX2 ilikuja kwa Intel mwaka 2013, na prosesa za Ryzen za AMD zilipotoka mwaka 2017 zilikuwa nayo. Kila plagini mpya inaamua isimame kwenye ngazi ipi, na kila mwaka ngazi ya chini inasogezwa juu.

Mwaka peke yake hautoshi

Wanunuzi wengi huuliza mambo matatu: RAM ngapi, diski ngapi, ya mwaka gani. Maswali hayo ni mazuri, lakini kwa kazi ya muziki hayatoshi. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Phenom II X6 ya AMD ya mwaka 2010. Ina viini sita vya kufanyia kazi na mwendo unaofika gigahezi tatu na zaidi. Ukiisoma kwenye karatasi utadhani ni ng'ombe wa lita 20. Lakini haina SSE4.1, haina SSE4.2, haina AVX. Pembeni yake weka Core i3-2100 ya mwaka 2011 yenye viini viwili tu. Hiyo ndogo ina zote tatu, na itafungua plagini ambazo ile kubwa itazikataa.

Mfano wa pili ndio uliomnasa mpwa wangu. Mwaka 2011 Intel ilitoa Core i5-2400 na Pentium G620. Zote ni za ukoo mmoja na zinakaa kwenye soketi ileile. Lakini i5 ina AVX na Pentium haina. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010, prosesa za majina ya Pentium na Celeron zilitolewa bila AVX, ili zitofautiane na Core i3, i5 na i7 zilizouzwa bei ya juu. Kwa hiyo kompyuta mbili zinaweza kuwa na kava moja, RAM moja, diski moja na mwaka mmoja, na bado moja ikafanya kazi ya studio na nyingine isifanye. Muuzaji hakumdanganya mpwa wangu. Hakuulizwa, naye huenda hakujua.

Ile tofauti ya Sh70,000 pale mezani haikuwa ya bure. Ilikuwa bei ya AVX.

Windows nayo ina neno

Prosesa ikiwa na AVX, bado Windows yenyewe lazima iwe inaikubali. Windows XP haiikubali. Windows 7 inaikubali kuanzia ile yenye Service Pack 1. Wapo wenye Core i5 nzuri walioshindwa kwa sababu tu waliwekewa Windows 7 ya mwanzo.

Jambo jingine ni biti 32 na biti 64. Plagini nyingi za zamani ziliandikwa kwa biti 32, wakati programu kubwa zimehamia biti 64 tupu. Cubase iliacha biti 32 kuanzia toleo la 9 mwishoni mwa 2016, na Ableton Live kuanzia toleo la 10 mwaka 2018. Upande wa Apple, mfumo wa macOS wa mwaka 2019 uliacha kabisa kufungua programu za biti 32. Hivyo mtu anaweza kuboresha kompyuta akapoteza vifaa alivyovizoea. Aidha, aina ya plagini iitwayo VST2 inaondoka taratibu. Kampuni ya Steinberg, iliyobuni VST mwaka 1996, ilitoa VST3 mwaka 2008 na mwaka 2018 ikaacha kutoa leseni mpya za VST2.

La tatu ni Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuondoa kompyuta za kizazi cha 4 hadi cha 7, na mizigo ya namna hiyo hufika kwetu. Nyingi kati ya hizo, zikiwa Core i5 au i7, zina AVX2 na zinafaa sana kwa studio isiyotegemea intaneti kila saa. Anayejua kusoma namba ya prosesa anaweza kupata mali nzuri kwa bei ya chini. Asiyejua atachukua Pentium ya kundi hilohilo akidhani amebahatika.

Hesabu ya studio ndogo

Sisi wachumi tunapenda karatasi. Tuchukue mfano tu. Kila mmoja aweke bei za mahali alipo. Tuseme kompyuta ni Sh450,000, maikrofoni na kadi ya sauti Sh400,000, spika Sh250,000, programu na plagini Sh250,000, meza, nyaya na povu la ukutani Sh200,000, na kifaa cha kulinda umeme Sh150,000. Jumla ni Sh1,700,000.

Tuseme wimbo mmoja unalipwa Sh50,000, na ukitoa pango, umeme, intaneti na nauli inabaki Sh30,000. Ili mtaji urudi unahitaji nyimbo 57. Ukirekodi nyimbo sita kwa mwezi, ni miezi tisa na nusu kabla hujaanza kula faida. Katika biashara ya namna hiyo kila wiki ya kusimama ina gharama, hata kama hakuna fedha iliyotoka mfukoni.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. RAM aliyoongeza bila sababu ilikuwa Sh60,000. Fundi wa Windows Sh30,000. Kazi ya kwaya iliyopotea ingemwachia Sh320,000 baada ya kutoa gharama ya Sh80,000. Jumla ya hasara ni Sh410,000, yaani zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Yote hayo kwa kuokoa Sh70,000.

Tiba ilikuwa ndogo. Kwa kuwa mazabodi yake, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ilikuwa na soketi inayokubali Core i5 ya ukoo uleule, tulitafuta prosesa ya mtumba kwa Sh45,000 na kumlipa fundi Sh10,000. Tulihakikisha kwanza kwamba mazabodi inaikubali, na kwamba feni inahimili, maana i5 hiyo inatoa joto zaidi kuliko Pentium. Plagini ikafunguka siku hiyohiyo. Kwaya haikurudi.

Unapokwenda kununua

Kwa mzazi anayemtolea mwanawe mtaji, na kwa kijana mwenyewe, huu ndio utaratibu ninaoupendekeza.

Kwanza, anza na kazi, si kompyuta. Andika programu na plagini utakazotumia kwa wateja ulionao. Soma masharti ya kila moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tafuta maneno SSE4.1, SSE4.2, AVX na AVX2. Sharti la juu kuliko yote ndilo sharti la kompyuta yako.

Pili, usikubali jibu la "hii ni i5" au "hii ni Pentium". Taka jina kamili na namba yake. Kwenye Windows bonyeza kulia kwenye alama ya kompyuta, fungua mahali panapoonyesha taarifa za mfumo, utaisoma. Kisha itafute namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa prosesa. Simu yako inatosha kwa kazi hiyo ukiwa dukani.

Tatu, nenda na flashi yenye programu ya bure iitwayo CPU-Z. Inaonyesha mstari mmoja wenye orodha ya amri zote ambazo prosesa inazifahamu. Kama AVX haimo kwenye mstari huo, haimo. Hakuna fundi atakayeiingiza kwa programu.

Nne, plagini nyingi zina muda wa majaribio bila malipo. Ijaribu kwenye kompyuta yako kabla ya kuinunua. Ukishalipa, kurudishiwa fedha kwa sababu prosesa yako ni ya zamani si jambo la kutegemea.

Tano, uliza kuhusu soketi. Kompyuta yenye Pentium au Celeron si ya kutupa kama soketi yake inakubali Core i5 au i7. Ikiwa bei yake ni ndogo vya kutosha, unaweza kuinunua ukijua utabadilisha prosesa. Lakini zile za Core 2 Duo na soketi yake, hata uweke prosesa kubwa kuliko zote zinazoingia hapo, hutapata AVX. Kwa laptopu usitegemee njia hii, kwani nyingi prosesa yake imebandikwa moja kwa moja kwenye mazabodi.

Kama tayari unayo ya zamani

Si kila mwenye kompyuta ya zamani aiuze kesho. Watengenezaji kadhaa huacha matoleo ya nyuma ya plagini zao yapatikane kwa waliokwisha kununua, waulize. Plagini zinazokuja ndani ya programu ya kurekodia yenyewe mara nyingi zinatosha kwa matangazo ya redio, mahubiri na nyimbo nyingi za kawaida. Kuna programu nyepesi kama REAPER, inayokwenda vizuri hata kwenye mashine dhaifu, na leseni yake ya wafanyabiashara wadogo ni dola 60 za Marekani. FL Studio ukiinunua mara moja, matoleo yanayofuata ya ngazi uliyonunua unayapata bila kulipa tena.

Kama tatizo lako ni mikwaruzo tu na si kukataa kufunguka, basi amri zipo ila nguvu ni ndogo. Hapo geuza njia zilizokwisha kukamilika ziwe sauti ya kawaida, ili plagini zake zipumzike. Prosesa itapata nafasi ya kushughulikia zinazobaki.

Na onyo moja kwa wote: usisasishe programu katikati ya kazi ya mteja. Toleo jipya linaweza kudai amri ambazo toleo la jana halikuzidai. Mfugaji habadilishi chakula cha ng'ombe anayekamuliwa kwa siku moja. Maliza kazi, ikabidhi, weka nakala pembeni, ndipo ujaribu kipya.

Najua wengine watasema mbona zipo plagini za bure zilizovunjwa kufuli. Mbali na kwamba ni wizi, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo, kuna hasara ya kibiashara. Plagini ya wizi ikikataa hujui kama kosa ni la prosesa, la aliyevunja kufuli au la virusi vilivyofichwa ndani. Prodyuza anayelalamika kuwa nyimbo zake zinaibwa asianze safari kwa kuiba.

Kwa wauzaji wa kompyuta za mitumba

Ninyi mnaouza pale mjini nina ushauri mmoja wa kibiashara. Kwenye ile karatasi mnayobandika yenye RAM na diski, ongezeni mstari mmoja: jina kamili la prosesa. Haugharimu kitu. Mteja wa studio aliyepata mashine sahihi atakuletea wenzake. Aliyeumia atawaeleza wenzake pia. Duka la mbegu linaloandika ukanda unaofaa kila mbegu halipotezi wateja, linawapunguzia lawama.

Kwa mkulima anayetaka kumsaidia mwanawe, sisemi usiuze mtamba. Studio ndogo ni kazi halali, na vijijini kwetu kuna kwaya, harusi, kampeni za chanjo ya mifugo na maduka ya pembejeo yanayohitaji matangazo. Ninachosema ni kwamba ungemuuza mtamba kwa kununua trekta, ungeuliza nguvu ya injini na jembe litakalofungwa nyuma. Uliza vivyo hivyo kwenye kompyuta. Mwambie kijana akuonyeshe karatasi mbili, moja ya masharti ya programu na nyingine ya sifa za prosesa, naye akusomee mstari kwa mstari. Huhitaji kujua AVX ni nini ili kuona kama herufi zilizo kwenye karatasi moja zipo kwenye nyingine.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Mpwa wangu sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika namba ya prosesa yake na amri inazozifahamu, na hanunui plagini bila kuufungua. Mwezi uliopita alimpelekea mama yake sehemu ya kwanza ya deni. Dada yangu hakuitumia. Ameiweka kwenye SACCOS, anakusanya ya kununua mtamba mwingine.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayefanya kazi mkoani Arusha.